Nyota Aliyoikubali Isaac

Jumamosi ile Isaac aliosha gari, akala kisra na mchuzi wa bamia, kisha akatumia alasiri nzima kujiita mpiga picha wa nyota. Rejoice, mkewe, alimwacha aseme. Picha zilizompa sifa zilikuwa za Nyabol, mwalimu wa fizikia wa ng'ambo ya ukuta. Isaac alifuta jina la Nyabol akaweka lake mwenyewe. Siku Nyabol alipozidiwa na malaria, alimpigia Isaac mara nne, maana ndiye pekee mwenye gari katika kichochoro chao cha mtaa wa Malakia, Juba. Isaac alidhani ameshagundua wizi. Akaigeuza simu kifudifudi. Rejoice aliiona ikitetemeka mezani, mara zote nne, akaendelea kukunja nguo.

Baada ya mazishi Isaac alimwambia mama wa marehemu kwamba darubini aliyopigia Nyabol picha zake ilikuwa yao wawili. Akaibeba.

Sasa waandaaji wa maonyesho ya picha kule mtaa wa Thongpiny walitaka picha mpya kabla ya Jumatatu. Bila hiyo, jina lake lingeondolewa ukutani.

Saa moja na nusu, giza limeshika, akaisimamisha darubini uani. Juba nyota ya kaskazini hukaa chini, karibu na mapaa, kwa hiyo kitako cha darubini hulazwa kana kwamba unamlenga jirani. Upande huo, jirani alikuwa Nyabol.

"Hii ni kompyuta, Rejo. Inajitafutia nyota yenyewe. Mimi nabonyeza tu."

"Si uchungulie kwanza? Nyabol alikuwa anachungulia."

"Nyabol, Nyabol! Khalas, basi!"

Mashine ilizunguka, ikasimama, ikauliza kwenye rimoti kama nyota iko katikati. Isaac hakuweka jicho. Akabonyeza kukubali. Ikauliza tena. Akabonyeza tena. Rejoice akatazama ilikoelekea. Hapakuwa na nyota. Palikuwa na dirisha la Nyabol, wazi.

Mashine ile haibishani. Ukiiambia kitu ni nyota, itakifuata.

Ikaanza kushuka. Kutoka dirishani hadi juu ya ukuta. Ikasita. Ikavuka.

"Isaac," Rejoice alinong'ona. "Inafuata nini?"

Isaac akachomoa betri. Haikusimama. Lango. Beseni. Kiti. Kisha mdomo wa darubini ukatulia ukimlenga Isaac usoni. Akapiga hatua kushoto. Nayo kushoto.

"Mwambie aache," Isaac alinong'ona.

Kamera iliyofungwa kwenye darubini ikalia. Mara nne.

Alfajiri Isaac alipanda basi la Nimule, mpakani, bila kuaga. Rejoice alizifungua picha. Darubini haiwezi kuona kitu kilicho karibu hivyo, huwa ukungu mtupu. Lakini kope za Isaac zilihesabika.

Kila jioni, bila betri, darubini ilijigeuza. Isaac akiwa Nimule, ilitazama kusini. Alipopiga simu kusema amefika Nairobi, ilikuwa imeshageukia kusini-mashariki. Rejoice alichora alama za chaki kwenye saruji kuonyesha ilikoelekea, maana hakusoma chuo kikuu ili aje kuogopa bomba. Alama hazikumsaidia.

Jana jioni aliikuta imeinama kabisa, inatazama ardhini kama mtu anayechungulia kaburi. Akampigia Isaac. Mara nne. Hakupokea.

Leo asubuhi imeinuka. Inatazama mlango wa jikoni. Rejoice yuko humo, nguo iliyokunjwa nusu mikononi, na hathubutu kupiga hatua hata moja kushoto.