Shemeji wa Bosi

"Shemeji, mbona dada yako hali?"

Bosi Malongo alimuuliza Juvenali hivyo, huku akinisogezea kipande cha mbuzi kwa vidole alivyotoka kuvilamba. Nikamgeukia Juvenali, mchumba wangu, nikisubiri amsahihishe. Juvenali akacheka.

"Ana aibu tu, shemeji. Atazoea."

Nikaisukuma sahani mbali nami.

Tulikuwa mgahawani Rusumo, nje malori ya kwenda Rwanda yamepanga foleni. Tangu nimalize chuo nilikuwa najitolea kwenye ofisi ya Malongo ya kutoa mizigo forodhani, na Juvenali, karani wake, ndiye aliyenipeleka. Siku hiyo nilikuja kusaini mkataba wangu wa kwanza. Nilivaa gauni lile lile la siku Juvenali alipokuja Rulenge kujitambulisha kwa baba.

"Juvenali, umemwambia mimi ni nani wako?"

Akainama, akaichezea chupa ya soda.

"Mtoto wa baba yake mdogo," Malongo akamjibia. "Kasema huna mtu, na umeshakubali. Leo tunalala Ngara mjini, Ernesta. Kesho unasaini."

Juvenali akaninong'oneza kwamba ni siku moja tu, nikishaajiriwa tutafunga ndoa na hakuna atakayejua. Aliyasema hayo huku anatafuna.

Nikasimama.

"Bosi, huyu si kaka yangu. Ni mchumba wangu. Kwetu wanamwita mkwe."

Malongo akaacha kula. Akamtazama Juvenali kama aliyeona nzi kwenye mchuzi.

"Mchumba wako kabisa? Mimi mchafu, najijua. Lakini wewe umenizidi."

Sikungoja wamalizane. Nilinawa mikono kwa sabuni, mara mbili, ingawa ile nyama sikuigusa.

Nikiwa kwenye gari la kurudi nyumbani, ujumbe ukaingia:

"Amenifukuza. Nisamehe mchumba wangu, nilifanya kwa ajili yetu."

Nikamjibu: "Kamlilie shemeji yako."

Kisha nikampigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umesaini?"

"Hapana. Nitaomba kazi kwingine. Na Juvenali asipokelewe tena hapo."

Nilijua baba ana maswali. Hakuuliza hata moja.

"Mama yako ameivisha maharage," akasema. "Njoo ule, mwanangu."

Ndipo nikahisi njaa.