Sufuria ya Harusi Inakwenda kwa Bibi

Huyu ni Zuhena. Ana miaka sita. Meno yake mawili ya mbele yako likizo.

Mto ulifurika, ukaingia kijijini bila hodi. Ukabeba mikeka, sahani, hata kiatu kimoja cha Mjomba Mkumba. Watu wote wakakimbilia shuleni, kule kilimani.

Wote, isipokuwa Bibi.

Bibi alikuwa shambani, analinda mpunga. Yuko juu ya dungu, kibanda chenye miguu mirefu. Chini ni maji, maji, maji.

Kila siku Bibi hupiga debe kufukuza ndege. Leo anapiga debe ili wasimsahau.

Ko-ko-ko. Ko-ko-ko.

"Bibi hajala," akasema Zuhena. "Twende."

Lori la msaada likaja, limejaa matope mpaka kwenye vioo. Likashusha unga, maharage na mablanketi. Bi Rukaya, mwenye lori, akasema boti liko kijiji kingine. Litafika kesho.

Kesho ni mbali, ukiwa na njaa.

Sufuria za nyumbani zilikwenda na maji. Ilibaki moja tu, ile kubwa ya kijiji, ya kupikia pilau ya harusi. Mama akapika humo ugali wa watu wote.

Mjomba Mkumba akajitwika sahani ya Bibi, akaingia majini. Maji magotini. Maji tumboni. Maji kidevuni. Akajikwaa.

Chubwi.

Samaki wakala ugali. Mjomba akarudi na jani la mgomba kichwani.

Ko... ko. Debe limechoka.

"Bibi hajala," akasema Zuhena. "Twende."

Akaingia ndani ya sufuria kukwangua ukoko. Kwaru, kwaru. Mjomba hakumwona. Akaisukuma sufuria majini ili aioshe.

Sufuria ikaelea. Zuhena akachomoza kichwa, mdomo umejaa ukoko.

Watu wakatazamana. Kumbe boti wanalo, na lina ukoko.

Bi Rukaya akamvisha Zuhena jaketi la kuelea. Likamfika magotini. Mjomba naye akavaa lake, likagoma kufunga tumboni. Wakafunga kamba ndefu ya lori kwenye sufuria. Mama akampa Zuhena hotipoti, akamwambia aikumbatie kama mtoto.

Mjomba akashika ukingo, akapiga maji kwa miguu.

Chapwi, chapwi. Sufuria ikazunguka. Chapwi, chapwi. Ikazunguka tena.

"Mjomba, tunarudi shuleni," akasema Zuhena. "Bibi yuko kule."

Chapwi, chapwi, chapwi. Wakafika.

Bibi akachungulia chini. "Karibu, mke mwenzangu. Umekuja kupikwa?"

"Nimekuja na ugali, Bibi. Kula kwanza."

Bibi akala. Akala tena. Akalamba vidole vyote kumi.

Kisha akavaa jaketi la Zuhena, akaingia kwenye sufuria na debe lake na kuku wake watatu. Zuhena akabaki juu ya dungu? Hapana, jamani. Alikaa mapajani pa Bibi, na kuku mmoja kichwani.

"Harusi zote nimepika humu," akasema Bibi. "Leo pilau ni mimi."

Watu wakavuta kamba. Taratibu, taratibu, mpaka kilimani.

Jioni, darasani, Bibi na Zuhena wakajifunika blanketi moja. Kuku wakalala juu ya meza ya mwalimu.

"Bibi ameshakula," akasema Zuhena. "Tulale."

Bibi akagonga debe kwa kidole, polepole.

Ko.

Zuhena hakusikia. Alikuwa ameshalala.