Karani Hakukosea

Kila asubuhi karani wa zahanati aliwasha kompyuta, akafuta meza, kisha akaita wagonjwa mmoja mmoja. Kazi hiyo aliifanya kwa miaka tisa.

Siku moja muuguzi alishika sindano tayari kumchoma mtoto. Mama yake akaruka.

"Dawa gani hiyo?"

"Penisilini."

"Ngoja! Mwanangu hapatani nayo! Nilisema hapa hapa mwezi uliopita!"

Karani akafungua kumbukumbu za mtoto. Onyo aliloandika mwenyewe halikuwepo. Mahali pake palikuwa na herufi zisizosomeka, na kipande cha maelezo ya mzee mwenye kisukari.

Mkuu wa zahanati akamfokea mbele ya wagonjwa. "Uzembe wako utatuulia mtoto!"

"Mkuu, nimekwambia mara tatu, mashine inaharibu maandishi."

"Diski tumebadilisha mara mbili. Kilichobaki ni wewe. Nenda nyumbani mpaka nikuite!"

Mume wa karani, seremala, aliposikia alitupa randa chini. "Wamekupaka matope!" Akamwita jirani yao, fundi wa kompyuta.

"Shemeji," fundi aliuliza, "walibadilisha diski tu? Na kidhibiti chake?"

"Ndicho nini hicho?"

"Kibao kidogo kati ya kompyuta na diski. Kila unachoandika kinapita hapo. Kikiharibika, kinapoteza herufi, au kinaandika mahali pa mtu mwingine. Ni tarishi anayechanganya barua. Hata ukinunua sanduku jipya la barua, tarishi ni yule yule."

"Na nakala zetu za akiba?"

"Zinapita wapi?"

"Hapo hapo."

"Basi huenda nazo zimeoza. Kuna aliyewahi kuzifungua akazitazama?"

"Hakuna." Karani akasimama. "Kwa hiyo nimefukuzwa kama mwizi kwa kosa la kibao!"

Kesho yake walikwenda wote watatu. Mkuu alikunja uso, lakini fundi akamwomba dakika kumi. Alichukua faili moja, akalinakili mara kumi, akalinganisha. Nakala saba zilikuwa sawa. Tatu zilikuwa zimebadilika, na hakuna mtu aliyezigusa. Akaihamishia diski ile ile kwenye mashine nyingine, akarudia. Zote kumi zikawa sawa.

"Diski ni nzima," alisema. "Kibaya ni kidhibiti. Zimeni mashine hii sasa hivi, isiharibu zaidi."

Mkuu akakohoa. "Haya mama, rudi kazini. Yaishe."

"Hayaishi!" karani alisema. "Nilikuonya mara tatu. Mtoto angekufa, na mashine ingeendelea kuharibu. Uliniita mzembe mbele ya watu. Nisafishe mbele ya watu."

Mkuu akatoka hadi kwenye mabenchi, akasema kwa sauti ya chini kwamba karani hakukosea.

"Huku nyuma hatusikii!" mama mmoja alipaza sauti. Wagonjwa wakacheka. Karani hakucheka. Mkuu akarudia, safari hii kwa sauti.

Kidhibiti kipya kilifungwa kwenye mashine. Kwa wiki mbili karani na wauguzi walilinganisha kila kumbukumbu na kadi za karatasi za wagonjwa, wakawauliza upya dawa wasizopatana nazo, wakasahihisha. Sasa nakala za akiba huwekwa kwenye mashine nyingine, na kila Ijumaa karani hufungua baadhi na kuzikagua. Maonyo ya dawa huandikwa pia kwenye kadi, kwa wino mwekundu.

Mwezi uliofuata muuguzi alichungulia dirishani. "Huyu bibi ana dawa asiyopatana nayo?"

Karani akatazama kompyuta, akatazama kadi.

"Salfa. Asipewe."

Muuguzi akairudisha chupa kabatini, akachukua nyingine.