Mume Wangu Alishuka Kwenye Pikapu Katikati ya Mbio

"Shuka haraka, hakuna mtu!"

Hiyo ilikuwa sauti ya Joakim, rafiki kipenzi wa mume wangu.

Turubai la nyuma ya pikapu likainuka… na aliyetoka chini yake alikuwa Victor!

Mume wangu. Wa ndoa ya kanisani kabisa. Namba ya mbio kifuani, kaptula ya mbio, viatu nilivyomfulia mimi mwenyewe jana yake.

Jamani, saa ile Victor alitakiwa awe anakimbia!

Mimi nilikuwa nimechuchumaa ndani ya shamba la kahawa, haja imenibana, pikipiki yangu nimeiegesha nyuma ya migomba. Nilikuwa naiona nyuma ya gari tu. Kichwa chake kilikuwa kimeshaingia kwenye kona.

Victor akachukua chupa, akajimwagia maji kichwani na kifuani, ili yaonekane jasho. Akajipaka vumbi magotini. Halafu, mwenzenu niliona kwa macho yangu… akaanza kufanya mazoezi ya kuchechemea! Akachechemea mguu wa kulia, akaona haujapendeza, akahamia wa kushoto.

Joakim anacheka. "Na shemeji je? Hatashtuka?"

Victor akasonya.

"Gertruda? Yule yupo kituo cha mbele na ndizi zake. Hata nikimwambia nimepaa, ataniuliza kama mbawa zimeuma."

Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni.

Niwaeleze kwanza, maana wengine hamjui mbio hizi. Ni zaidi ya kilomita sitini. Unatoka Mbinga mjini asubuhi kwenye baridi, unapita Maguu, unateremka milima yote ile mpaka Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, jua linakuchoma kama maandazi. Mshindi analipiwa safari kwenda kukimbia Afrika Kusini.

Kila mkimbiaji anaruhusiwa msaidizi mmoja. Msaidizi ndiye anayekuwekea maji, anayekulisha viazi na chumvi, anayekukanda misuli, anayekubadilishia soksi zilizojaa damu. Gari kukupakia? Marufuku!

Msaidizi wa Victor nilikuwa mimi. Miezi yote ya mazoezi niliamka kabla ya jogoo kumkorogea uji wa ulezi. Yeye kazi yake ilikuwa kupiga picha. Kila siku picha! Victor anafunga kamba za viatu. Victor anatazama milima. Kule mtandaoni anajiita Chuma cha Umatengo, ndiyo huko kwao milimani Mbinga.

Chuma! Chuma gani kinapakiwa kwenye pikapu na kufunikwa turubai kama mahindi mabichi?

Nikainuka, nikapandisha nguo yangu vizuri, nikatoka barabarani.

"Victor."

Aliruka kama amekanyaga nyoka!

"Gertruda! Unafanya nini hapa?"

"Nilikuwa nakojoa. Na wewe?"

Joakim akarudi kwenye usukani bila kuaga. Gari likaondoka mbio. Rafiki wa kweli huyo, mnaona?

"Mke wangu, sikiliza," Victor akaanza, sauti imelainika ghafla. "Misuli ilikaza. Hyasinti aliniacha mbali sana. Watu wote wa Mbinga wananisubiri mimi. Nitawaambia nini?"

"Waambie umeshindwa."

"Nishindwe na Hyasinti? Mkulima wa kahawa wa kijijini Matiri? Anayekimbia na viatu vya mtumba?"

"Viatu vya mtumba vimekuacha, Victor. Umelazimika kupanda gari ili uvipite."

Uso ukambadilika. Ule ulaini wote ukayeyuka.

"Wewe kazi yako ni kunipa maji. Fungua mdomo wako uone. Kwangu hurudi!"

Akanyoosha mkono. "Lete hizo ndizi."

Sikumpa. Akanitazama, akatazama barabara, akaogopa kuonekana, akakimbia. Na kweli alikimbia vizuri. Angekosaje, na amepumzika chini ya turubai?

Nilibaki pale nimesimama na begi mgongoni. Nililia? Hapana. Niliona kinyaa. Kinyaa kile cha kukuta nywele kwenye mboga ambayo umeshakula nusu.

Haukupita muda mrefu, Hyasinti akatokea.

Ndugu zangu, yule ndiye alikuwa anakimbia! Midomo imepasuka, chumvi imemkaukia mashavuni, mguu mmoja unakokota. Akaniona, akapunguza mwendo.

"Dada, samahani, una maji? Dada yangu Ida ndiye msaidizi wangu. Nimesikia pikipiki aliyopanda imeharibika huko nyuma. Tangu Maguu sijanywa kitu."

Kanuni zinasema msaidizi akikwama, mwingine anaweza kusaidia. Nikafungua begi.

Uji wa Victor, akanywa Hyasinti. Viazi vya Victor, akala Hyasinti. Soksi mpya za Victor, nikamvalisha Hyasinti. Nikamkanda misuli mpaka akapiga kelele.

"Sasa Victor atatumia nini?" akauliza.

"Victor hana shida. Kimbia!"

Nikapanda pikipiki, nikawa namsubiri mbele, kila palipo na kivuli. Tukateremka hivyo. Baridi ya milimani ikaisha, joto la ziwani likaanza kupanda kutusalimia. Mimi ni mtoto wa Mbaha, joto lile nalijua. Mtu wa milimani linamkaanga. Nikawa nalowanisha kanga kwenye vijito, namvika shingoni.

Kwenye kituo cha mwisho nikamkuta Hyasinti amekaa chini kwenye mchanga. Kichwa kimeinama.

"Wanasema Victor ameshapita zamani," akaniambia. "Lakini dada, hakuna mtu aliyenipita! Mimi nimechanganyikiwa? Nimeanza kuona vitu?"

Ilibidi nimwambie.

"Hujachanganyikiwa. Amepanda gari. Nimemwona."

Akaanza kuvua viatu.

"Basi hakuna maana. Nimeacha kahawa yangu haijapaliliwa kwa ajili ya mbio hizi. Kumbe nashindana na gari."

Jamani, nilimwonea huruma, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma.

"Haya, kaa hapo ulie," nikamwambia. "Mmoja amepanda gari, mwingine amevua viatu. Wote wawili hamkufika kwa miguu. Mtalingana!"

Akanitazama kwa hasira. Ndiyo, hasira hiyohiyo niliitaka! Akavaa viatu, akasimama, akaondoka bila kuniaga.

Tulipofika Mbaha, ufukwe umejaa watu. Ngoma, vigelegele, spika zinapasuka. Na katikati ya kundi… nani? Chuma mwenyewe! Amevalishwa shada la maua, amelala kwenye mkeka, wasichana wawili wanampepea. Joakim anamrekodi laivu.

Victor alipomwona Hyasinti anamaliza, na mimi nyuma yake na begi, akakamata kipaza sauti.

"Mnamwona huyo mwanamke? Ndiye mke wangu! Aliniacha njiani bila tone la maji. Nimekimbia na kiu tangu milimani! Kumbe ana bwana wake, alikuwa anamlisha chakula changu huko vichakani. Malaya mkubwa huyu!"

Ufukwe mzima ukalipuka!

"Aibu!"

"Mwanamke gani huyo!"

Na hao ni watu wa kwetu, wa ziwani, walioniona nikikua! Mama mmoja aliyenisuka nywele utotoni akatema mate chini. Gunzi la muhindi likanipiga begani.

"Amepanda gari!" nikapaza sauti. "Nimemwona kwa macho yangu akishuka kwenye pikapu ya Joakim!"

Wakacheka. Jamani, walicheka!

Mzee Othmar, mwenyekiti wa kamati, akainua mikono watu watulie.

"Hyasinti, Victor alikupita wapi?"

"Hakunipita, mzee."

"Nilimpita alipoingia kichakani na mke wangu!" Victor akadakia. Watu wakaguna.

"Joakim, ulimpakia?"

"Haki ya Mungu, mzee, mimi nilikuja peke yangu. Nyuma nilikuwa na mbuzi tu wa sherehe."

Nikaona nimekwisha. Neno langu dhidi ya maneno ya wanaume wawili, na chakula cha mume wangu kimo tumboni mwa mwanaume mwingine. Hata mimi ningekuwa kwenye lile kundi, nisingejiamini.

Ndipo nikamwona mama mkwe.

Mama Bonifasia. Anakuja polepole kutoka yalikoegeshwa magari, kitenge cha jumuiya ya kanisani kiunoni, rozari mkononi. Mama huyu hakuwahi kunipenda. Tangu naolewa ananiita "yule wa dagaa". Ukimwamkia anaitikia huku anatazama kuku.

"Shikamoo mama," nikasema.

Akanipita, akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti.

"Nipe hicho chombo cha kusemea."

Victor akatabasamu. "Mama yangu huyo! Mwacheni aseme!"

Mama Bonifasia akakishika kipaza sauti kama anavyoshika mwiko.

"Mimi nimekuja na gari la Joakim."

Joakim akashusha simu.

"Nilimsimamisha Maguu, barabarani. Hakutaka kunipakia. Akasema gari limejaa, nyuma kuna mbuzi. Nikamwambia mbele hakuna mbuzi. Nikapanda."

Watu wakaanza kucheka kidogo.

"Tukaenda. Akafungua redio kwa nguvu, kwa sababu wanadhani mimi ni kiziwi. Mimi siyo kiziwi, huwa sipendi tu kujibu wajinga. Tukiwa njiani, mbuzi akakohoa."

Watu wakasogea karibu!

"Akakohoa tena. Nikasema moyoni, huyu mbuzi nimemnyonyesha mimi."

Watu wa Mbaha waliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika ng'ambo ya ziwa!

"Mama!" Victor akapiga kelele. "Mama, unanifanyia nini?"

"Nyamaza! Gari likasimama kwenye kahawa, nikajifanya nimelala. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni. Nikamwona mwanangu anashuka, anajimwagia maji. Nikamwona mkamwana wangu anatoka shambani, anamkabili. Yote nimeyaona."

Mzee Othmar akauliza kwa upole, "Mama, mbona hukusema mapema?"

Mama mkwe akaizungusha rozari mkononi.

"Nilitaka kunyamaza. Ni mwanangu. Nikasema uongo wa gari ni wake na Mungu wake, atakwenda kuungama. Lakini amemwita mke wake malaya mbele ya watu, na anajua ni uongo. Hilo silibebi. Sikuzaa mtoto ili amvue nguo mwanamke hadharani kwa sababu ya mbio."

Akarudisha kipaza sauti. Akamvua Victor lile shada kwa mkono wake mwenyewe, akampa Hyasinti bila hata kumtazama.

Wale wasichana wa kupepea? Walishapotea zamani. Joakim alikuwa anatafuta funguo za gari kwenye mifuko yote. Na Chuma cha Umatengo alikuwa amesimama pale na namba yake kifuani, anachechemea kurudi nyuma… safari hii miguu yote miwili!

Watu wa kwetu wakaanza kunijia. "Gertruda, mwanangu, tusamehe." Yule mama aliyetema mate ndiye alikuwa wa kwanza kunikumbatia. Nikawatazama tu. Samahani wanaitoa haraka kama walivyonirushia gunzi.

Mama mkwe akanishika kiwiko.

"Umekula?"

"Hapana, mama."

"Twende ukale. Samahani yao haishibishi."

Tukakaa kwenye banda la mama lishe, tukaagiza ugali na mbasa wa kuchoma. Mama alikula samaki wake wote, mpaka kichwa. Halafu akasema, huku anafuta vidole, "Kwa Victor utaondoka ukitaka. Kwangu huondoki."

Hapo ndipo nililia.

Hyasinti alikwenda Afrika Kusini. Hakushinda. Alimaliza katikati ya kundi, akarudi Matiri, akapalilia kahawa yake.

Victor naye alirekodi video, eti alirogwa na washindani wake ndiyo maana akajikuta ndani ya gari. Kurogwa! Mchawi gani huyo anayeloga watu wapate usafiri wa bure?

Mimi naishi Maguu kwa mama mkwe. Wiki iliyopita Victor alikuja, yeye na Joakim, suti imepigwa pasi. Akapiga magoti uani.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha. Nimekuja kumchukua mke wangu."

Mama Bonifasia alikuwa anaanika kahawa. Hakuinua hata kichwa.

"Mmekuja na nini?"

"Na gari, mama."

"Rudi mjini. Ukija kwa miguu, tutazungumza."

Wakaondoka. Mpaka leo ninapoandika hapa, hajatokea. Na kutoka Mbinga mpaka kwetu Maguu siyo hata nusu ya zile mbio alizosema amemaliza!

Dada zangu, na kaka zangu pia. Mshike mwenzako mkono, mpe maji, mkande miguu, mbebee begi mpaka mwisho wa safari. Lakini siku atakapokuambia kazi yako ni kunyamaza, shusha begi hapohapo. Kumsaidia mtu ni jambo moja, kumfichia uongo ni jingine kabisa. Ukizichanganya, siku akibanwa atakutupa wewe chini ya gari alilopanda yeye.

Na kama yupo anayemfahamu yule Chuma, mwambieni njia iko wazi. Na asubuhi hakuna jua kali.