Ukungu Uliopakwa Rangi

Saa moja asubuhi, mtumishi alimkuta mchoraji Hirose Tessai amelala kifudifudi katika chumba chake cha kazi, mjini Kanazawa, kichwa kimepasuliwa kwa jiwe la kusagia wino. Kando yake palikuwa na mchoro wake wa mwisho: mlima, msonobari mmoja, na katikati ukungu mtupu.

Saa mbili, mwanafunzi wake Isaku alikuwa ameshatiwa pingu.

"Juzi kakufukuza mbele za watu, leo kafa," askari Obata alimsimanga. "Unatuona watoto?"

"Mwalimu hunifukuza kila mwezi, afande. Kesho yake ananiuliza mbona nimechelewa."

Mlangoni alikaa Kinji, mkwe wa marehemu, akilia. Alikuwa fundi wa kukarabati michoro ya rangi ya mahekalu. Mkewe Sayo, binti pekee wa mzee, alifariki mwaka jana.

Inspekta Munakata, mwanamke wa makamo, aliuinua mchoro dirishani. Mwanga ulipenya karatasi yote, isipokuwa sehemu moja ndani ya ukungu, ndogo kama ukucha.

"Isaku, mwalimu wako alitumia rangi nyeupe?"

"Nyeupe? Hatuna kabisa humu, mama. Weupe ni karatasi yenyewe. Unaiacha tu." Alisogea, akatazama kwa karibu. "Nani kaupaka huu ukungu?"

Munakata alikwangua taratibu. Chini ya nyeupe hiyo, rangi ya unga wa makombe ya chaza, palikuwa na damu.

"Aliyepaka, alipaka baada ya pigo," alisema. "Na ni mtu ambaye akiona doa, mkono unakwenda wenyewe kwenye kopo la nyeupe analotembea nalo. Bwana Kinji, ungekimbia. Kwa nini ulikaa kukarabati?"

Kinji aliacha kulia.

"Mwaka mzima nilimwomba amchore Sayo. Jana jioni akaniita, akaniwekea hii. Nikamuuliza, 'Baba, Sayo yuko wapi?' Akagusa pale patupu. 'Huyo hapo.' Nikadhani ananicheka. Binti yake wa kumzaa, hata uso hakumpa!"

"Ukampiga."

"Alipokuwa akianguka ndipo nikaona uso wake umelowa machozi. Na damu imerukia palepale. Ningemwachaje Sayo na damu?"

"Lakini Isaku ungemwacha anyongwe."

Obata alimfungua Isaku bila kumtazama usoni, akamfunga Kinji pingu zilezile.

"Isaku," Kinji alinong'ona, "wewe una mkono mwepesi. Hiyo nyeupe itatoka?"

Isaku alisugua vifundo vya mikono yake vilivyochubuka.

"Nyeupe itatoka, kaka. Damu imeshanywewa na karatasi."