Nilimficha Mke Wangu Kifo cha Mama Yake

Nina miaka thelathini na sita. Sijawahi kuiba, sijawahi kumpiga mke. Nilichofanya ni kunyamaza tu... na kuongeza uongo kidogo ili ukimya wangu usijulikane.

Mimi ni Mkakwa wa Koboko. Mke wangu Letaru ni Mlugbara wa Logiri, lugha zetu ni tofauti, kwa hiyo nyumbani tunazungumza Kiswahili cha kuungaunga. Tulikuwa tunauza mitumba mjini Arua, biashara ikafa. Ndipo nikapata kazi ya kulinda mnara wa simu juu ya kilima cha mawe, mbali na mji wa Koboko. Mlinzi mwenyewe alikuwa amevunjika mguu, nasi tukapewa nafasi yake kwa miezi mitatu. Bosi alitaka mume na mke, ili mmoja akilala mwingine awe macho. Tukifanya vizuri, alisema, huenda tukaajiriwa moja kwa moja.

Mvua zikinyesha, vijito hukizunguka kilima chote, na hakuna anayepita mpaka maji yapungue. Tulikuwa sisi wawili, jenereta, na taa nyekundu kileleni mwa mnara. Letaru aliangusha simu yake majini siku tuliyovuka. Ikabaki moja tu, ya kazi, nayo ilikaa mfukoni mwangu. Kila Jumapili nilimpa aongee na mama yake.

Mwezi wa pili, asubuhi moja, shemeji yangu Adriko akapiga.

"Mama iko hali mbaya sana. Anauliza Letaru. Leta yeye leo."

Letaru alikuwa nje anafua, na vijito siku hiyo vilikuwa vinapitika. Nami nilifikiria nini? Nilifikiria kazi! Niliona akiondoka tu, bosi atasikia, nafasi watapewa wengine. Nikamjibu shemeji kwamba dada yake ana malaria kali, hawezi hata kusimama. Jioni akapiga tena. Mama amekufa. Nikasema pole, nikakata simu, nikala chakula alichopika mke wangu. Nilimaliza sahani.

Sikuhisi kitu... Nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho ikawa wiki. Jumapili alipoomba simu, nilisema ya mama yake imeharibika, lakini Adriko amesema mama anamsalimu sana. Salamu za marehemu, nilizitunga mwenyewe!

Kisha kumbikumbi wakaanza kutoka, wakifuata taa za uani. Letaru aliwaokota alfajiri, akawakausha juu ya mwamba, akawajaza kwenye mkebe. "Hii ya Mama," aliniambia. "Yeye napenda sana." Mimi nilimshikia mkebe. Mtu gani anafanya hivyo? Mimi nilifanya.

Miezi mitatu ilipoisha tukashuka. Njia nzima kutoka Koboko hadi Arua nilitafuta maneno. Arua tukanywa chai, nikasema moyoni nitamwambia vikombe vikiisha. Vikaisha. Akainuka kwenda sokoni kumnunulia mama yake kitenge. Tukapanda boda boda hadi Logiri, na bado sikuwa nimefungua mdomo.

Uani kwao kulikuwa na kaburi, majani yameanza kuota juu yake. Letaru alisimama akiwa bado ameshika mkebe.

"Hii ya nani?"

Adriko alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, akajibu kwa Kiswahili ili nami nisikie. "Dada... hii iko ya Mama. Bwana yako nasema wewe iko mugonjwa. Sisi nangoja wewe siku mbili."

Letaru aliweka mkebe chini, akavua viatu, akakaa kando ya kaburi. Wanawake wa pale walipoanza kulia upya, yeye aliwatazama tu. Sikurudi naye.

Wiki iliyofuata bosi akanipigia. Kazi ilikuwa yetu! Nilipomweleza kwamba mke hayupo, na kwa nini, akasema kwamba kama ningeomba ruhusa, angetuma mtu mwingine kwa siku tatu nne, tukazike. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba sikuwahi hata kumuuliza. Kazi wakapewa mume na mke wengine.

Nimekwenda Logiri mara tatu kuomba msamaha. Letaru hanifukuzi. Ananipa maji ya kunawa, ananipakulia chakula, anakaa mbali kidogo. Mara ya mwisho aliniuliza swali moja.

"Siku ile Mama nakufa, mimi iko nafanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Ulikuwa unafua shati langu, na ulikuwa unaimba.

Aliitikia kwa kichwa, akachukua jembe, akaenda shambani.

Wenzangu mnaosoma haya, sijui kama atarudi. Sidhani. Nawaomba jambo moja tu. Simu ya msiba wa mwenzako ikikufikia, usianze kumchagulia siku ya kulia. Mwite, mpe simu, hata kama mkono wako unatetemeka. Wangu haukutetemeka... na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo.