Kilio cha Upande wa Pili wa Ukuta

Siku iliyofuata ule ubishi wa sinema, ukuta ulinyamaza.

Faradji alikuwa wa kwanza kulitambua hilo. Kibanda chake cha ushonaji pale Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, kilipakana na nyumba ya Saidati, ukuta mmoja wa matete na udongo, na Saidati alikuwa amekaa eda ya mumewe. Tangu mazishi, kila alasiri kilio chake kilipenya ukutani kikaingia kati ya vitambaa na pasi ya makaa, mpaka watu wa kibandani wakakizoea kama mtu anavyozoea mvua juu ya mabati. Leo, kimya. Faradji alisimamisha mguu juu ya cherehani, akasikiliza. Labda amelala, alijiambia, akaendelea kushona, lakini masikio yalimwaka moto kwa sababu alijua alichokifanya jana.

Na tukiseme, maana aibu haikai chini kwa kukaliwa.

Faradji na rafiki zake wawili walikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni sinema. Katika hoteli moja ya ufukweni Wazungu walitundika shuka jeupe kwenye chumba cha kulia chakula, wakaonyeshana filamu. Mtu mweusi hakuingia humo ila awe amebeba sinia. Viateur alibeba sinia. Yeye ndiye aliyeacha pazia la upande wa bustani wazi kidogo, ili Faradji na Hitimana, dereva wa lori la viazi vya Mudende, wasimame kwenye maua wakibandika pua kwenye kioo. Madirisha yalifungwa kwa ajili ya upepo wa ziwa, kwa hiyo waliona midomo ikichezacheza bila kusikia neno hata moja. Kesho yake, kibandani, waliiweka sauti wenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yao hasa, na sheria yao ilikuwa moja: ukimtetea mchezaji wako, umletee sauti yake.

Mwaka ule Viateur alileta habari mpya kutoka mezani kwa wageni. Huko Amerika, alisema, baada ya mwaka mpya watu wanakusanyika kumpa sanamu la dhahabu yule aliyeigiza kuliko wote, na wageni wa hoteli walikuwa karibu kupigana kwa kubishania nani atalibeba.

"Bon," alisema Hitimana. "Mi nasema ni Taya, ule mwanaume wa filamu mwenye taya kubwa. Mutu anapigwa risasi, anakufa pole pole, na sigara haianguke ku mudomo! Nani mwingine anaweza kufa vile?"

"Sanamu ya wanaume iko yake, na ya wanawake iko yake," alisema Viateur, aliyependa kuonekana mjuzi.

"Achana na ile. Bingwa ni mumoja."

"Donc, basi, ni Mama wa Dirishani," alisema Faradji.

Mama wa Dirishani ndilo jina walilompa mwanamke mmoja wa filamu, aliyeletewa habari ya kifo cha mumewe akaegemea dirisha akalia. Walimwona akilia. Hawakumsikia.

Hitimana alijilaza chini kama Taya kati ya vipande vya kitambaa, akakoroma na kuguna mpaka akafa na penseli mdomoni. Ilikuwa kazi nzuri, lazima tukubali. Kisha wakamgeukia Faradji.

"Haya, na mama yako analia namna gani? Tuletee sauti, sha!"

Faradji alikuwa na sauti. Mji mzima uliijua, kwa kuwa yeye ndiye aliyeadhini katika msikiti mdogo wa mtaa, na hata Wakristo wa ziwani walisema jua la Gisenyi halizami bila ruhusa yake. Aliegemea dirisha la kibanda. Akatafuta kilio. Na kilio kilichokuwa karibu, ambacho alikijua kwa kila pumzi yake, kilikuwa kile cha ukutani. Akakichukua chote. Akaanza chini, kama mtu anayemwita mwenzake chumba cha pili, akapanda, sauti ikakatika mahali pale pale inapokatika ya Saidati, akamalizia kwa maneno yale yale: "Wee baba Zena, wee! Ulisema utarudi!"

Walicheka. Viateur alicheka kwa mluzi, kama kawaida yake. Hitimana, ambaye alilibeba jeneza la baba Zena, mumewe Saidati, begani mwake mwenyewe, alicheka mpaka akakohoa. Na Faradji alipoona ameshinda, alicheka kuliko wote. Mzaha mzaha hutumbuka usaha.

Basi ukuta ulinyamaza siku ya kwanza, na ya pili, na zaidi. Nyiramana, mama yake Faradji, aliyekwenda kila asubuhi kukaa na mjane, alirudi na uso mzito.

"Saidati hawezi kulia tena," alisema. "Anafungua kinywa, hakuna kitu. Macho makavu. Na shemeji zake wanaanza kunong'ona. Wanasema mujane asiyekuwa na machozi iko na kitu anaficha. Wanataka aondoke ku ile nyumba."

Faradji aliinamia pindo la suruali aliyokuwa akishona.

Alasiri hiyo alipotia makaa kwenye pasi na kuipitisha juu ya kanzu, mvuke uliopanda ulinuka kafuri, ile wanayowapaka maiti. Alinusa kitambaa, hakina kitu. Alinusa maji ya kunyunyizia, hayana kitu. Akanusa viganja vyake, akavificha haraka chini ya meza kama kwamba kuna mtu aliyekuwa akimtazama. Kisha akakanyaga cherehani, na gurudumu lilipozunguka akasikia, chini kabisa ya mlio wa chuma, sauti ikimwita mtu aliye chumba cha pili. Alisimamisha mguu. Sauti ikasimama. Akakanyaga tena.

"Viateur," alimnong'oneza rafiki yake, aliyeingia wakati huo. "Unasikia?"

"Nasikia nini?"

"Hapana. Kazi tu."

Alificha. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na yeye alikuwa ndiye mwosha na maiti pia.

Siku ya Ijumaa, magharibi, wingu juu ya mlima wa moto likiwa limeanza kuwa jekundu, alisimama mlangoni mwa msikiti kuadhini. Watu walikuwa wanatawadha, wanavua viatu, wauzaji waliokuwa wakirudi kutoka Goma wametua mizigo yao njiani wasikilize kama walivyozoea, naye akaweka viganja masikioni, akavuta pumzi, na ile pumzi ilipofika kifuani akahisi kuna mwingine humo ndani anayevuta pamoja naye, pumzi baridi yenye kafuri, akataka kufunga kinywa lakini kinywa kilikuwa kimeshafunguka na hakikuwa chake tena, na badala ya takbiri ikatoka sauti ya mwanamke, chini kwanza, ikapanda, ikakatika, ikapita juu ya mabati ya Mbugangari mpaka kwenye nyumba ya mjane: "Wee baba Zena, wee! Ulisema utarudi!"

Hakuna aliyesogea. Mzee mmoja aliachia birika la udhu, maji yakamwagika. Faradji alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, na sauti ikaendelea kulia nyuma ya vidole.

Nyiramana ndiye aliyemshika mkono akamtoa mbele ya watu. Hakumwuliza kitu mpaka walipofika nyumbani. Hapo Faradji alieleza, kichwa chini, kwa kunong'ona, kila neno akilipima lisimfufue yule aliyemo kifuani. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mi mama yako," alisema. "Siku mi nitakufa, utanililia na sauti ya nani?"

Kesho yake mchana alimpeleka kwa Nyirabahire, mwanamke wa ufukweni aliyeuza samaki na kupunga pepo. Muadhini kuonekana anaingia kwa Nyirabahire, mbele ya wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu! Faradji alitamani ardhi ipasuke. Mwanamke yule hakuwa na haya naye hata kidogo. Alimkalisha kwenye mkeka, akafukiza ubani kwenye kigae, akamfunika shuka pamoja na moshi.

"We nani?" aliuliza. Hakumwuliza Faradji.

Kilio kikaanza. Nyirabahire akapiga kofi.

"Ile sauti si yako. Sema na yako."

Chini ya shuka joto liliondoka, ubani ukanuka kafuri, na Faradji akasikia ulimi wake ukigeuka wenyewe mdomoni, taratibu, kama mtu anayejaribu kiatu cha mwingine.

"Mi sina yangu," alisema yule aliyemo. "Mi naishi na za watu."

"Kwa nini uliiba ya mujane?"

"Mi sikuiba. Huyu aliitupa katikati ya watu, wacheze nayo. Mi nikaokota."

Nyiramana alilia kwa kusikia hivyo, maana kweli humwumiza mzazi kuliko uchawi. Nyirabahire alimfunua Faradji na kumtazama machoni.

"Mwanaume, sikiliza muzuri. Uende kwa mwenyewe, mchana, pamoja na wale mulikuwa nao. Useme vile ilikuwa. Yote! Kile utasema, huyu jini atakiacha. Kile utaficha, kitabaki na yeye, na yeye atabaki na wewe."

Walikwenda alasiri, watatu. Mwanamume haingii kwa mjane aliye edani, kwa hiyo walisimama uani, mbele ya pazia la mlango. Saidati alikaa nyuma yake na Nyiramana. Shemeji zake walikuwa wameketi kwenye mkeka ukutani, wakitazama viatu vya wageni. Viateur alijifuta jasho kwa kitambaa cha hoteli. Hitimana alishika kofia kifuani, na ni yeye, aliyelibeba jeneza la marehemu, aliyeshindwa kabisa kuinua macho.

"Dada Saidati," alianza Faradji. Sauti ilitetemeka, lakini ilikuwa yake. "Ile siku ya ubishi wa sinema... mi nilichukua kilio chako. Nilikiigiza. Na jina la baba Zena nilitaja. Kosa ni yangu. Nimekuja kukurudishia."

Shemeji mmoja alitema mate pembeni.

"Nilisikia," alisema Saidati nyuma ya pazia, kwa sauti kavu kama ganda la haragwe. "Nilisikia kilio changu kiko upande wenu. Nikaziba masikio, sikutaka kusikia zaidi." Kisha akauliza polepole, na ilikuwa wazi kwamba hili ndilo lililomkosesha usingizi: "Mulicheka?"

Hapo ndipo ilipokuwa njia, na Faradji aliiona. Neno moja tu: ndiyo. Lakini pazia lilikuwa jembamba, na nyuma yake alimwona mwanamke ameinamisha kichwa akingoja, na shemeji wanasikiliza, na mama yake mwenyewe yumo ndani anasikiliza, naye aliona haya kuliko alivyopata kuona haya maishani. Alimtazama Viateur. Viateur alitazama chini. Alimtazama Hitimana. Hitimana alikunja kofia.

"Hapana, dada," alisema Faradji. "Hakuna mutu alicheka."

Wenzake hawakumpinga.

Na hapo Saidati alilia. Kilio kilianza chini, kama mtu anayeita chumba cha pili, kikapanda, kikakatika, na machozi yakaja, mengi, mpaka shemeji zake wakainamisha vichwa kwa aibu yao wenyewe. Faradji alihisi kifua kikifunguka. Harufu ya kafuri ikamtoka puani. Magharibi ile aliadhini, na watu wakasema sauti imerudi tamu kuliko zamani. Nyirabahire aliletewa kuku wake. Kila mtu aliona jini ametoka.

Baada ya siku chache Viateur aliingia kibandani na habari za wageni. "Mama wa Dirishani amebeba sanamu, Taya hakupata kitu," alisema. "Faradji, we ndiye ulijua."

Hitimana alifungua kinywa kumcheka Taya wake aliyeshindwa. Mabega yakatikisika, meno yakaonekana, lakini hakuna sauti iliyotoka. Akajaribu tena. Akajishika koo. Viateur naye alijaribu mluzi wake, ikatoka pumzi tupu. Walitazamana, watu wazima watatu, na hakuna aliyeuliza vimekwenda wapi vicheko vyao. Wakazungumza habari ya bei ya uzi. Tangu siku hiyo walitabasamu tu, na hawakurudi tena kwenye bustani ya hoteli.

Nyiramana alifariki wakati wa mvua kubwa. Aliugua kifua, akaondoka asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mwanawe, na Faradji akashangaa kwamba kilio hakijamjia. Kitakuja, walimwambia. Wanawake wakamwosha, kama ilivyo desturi, na Saidati aliyekuwa amemaliza eda yake ndiye aliyempaka kafuri. Ua ulijaa. Viateur alikuja, Hitimana alikuja, wakasimama miguuni mwa jeneza wamefunga midomo.

Walipolinyanyua jeneza, uchungu ulimpanda Faradji tangu tumboni. Alishukuru hata. Alifungua kinywa amlilie mama yake, na kilichotoka kilikuwa mluzi mwembamba, wa furaha, ukafuatiwa na kicheko kinene kilichocheka mpaka kikakohoa, kisha juu ya vyote viwili kicheko cha tatu, chake mwenyewe, cha mtu aliyeona ameshinda, vitatu kwa pamoja katika koo moja, huku machozi yakimtiririka mashavuni na mikono yake ikimwomba kila mtu amzuie, na jeneza limesimama mabegani mwa watu kwa sababu hakuna aliyeweza kupiga hatua.

Saidati alitoka katikati ya wanawake, viganja vyake bado vikinuka kafuri. Alimtazama Viateur, akamtazama Hitimana, mmoja baada ya mwingine, kisha Faradji.

"Kumbe mulicheka," alisema.